Programu Tano na Kidole cha Wambui

Wajukuu wangu, na nyinyi ambao si wajukuu wangu lakini mnakata video za familia kwa simu huku mnakula chipsi, nawaambia hili mapema: sauti na picha ni ndugu wawili wasiopatana. Ukimhamisha mmoja bila kumwambia mwenzake, watakuaibisha mbele ya wageni. Mimi waliniaibisha Kileleshwa, sebuleni kwa watu, sahani ya pilau ikiwa mapajani.

Niliacha shule darasa la tatu. Niliajiriwa studio ya Bwana Bharat, ghorofa ya tatu nyuma ya barabara ya Luthuli, Nairobi, kupiga deki na kupika chai. Bharat alikunywa ya tangawizi bila sukari. Kimotho, fundi wake wa video, aliweka vijiko vinne na kukoroga kwa bisibisi. Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, watu walipoanza kununua kamera ndogo za mkononi na kujipiga wenyewe harusi, ubatizo, mtoto akiota jino. Kisha walituletea kanda tuzifanye ziwe sinema.

Mimi kuingia kwenye kompyuta kulitokana na majina. Siku moja Kimotho alikuwa anaandika majina chini ya nyuso za watu katika harusi fulani. Mteja alimpa orodha ya majina bila nyuso, na kanda ina nyuso bila majina. Nikapita na ndoo.

"Huyu wa kilemba kijani ni nani sasa?" akajiuliza.

"Mama Gathoni," nikasema. "Dada wa tatu wa bwana harusi. Alikuja hapa Jumanne na binti yake Shiru, yule aliyemwaga soda."

"Na huyu mzee amelala?"

"Mzee Kabiru. Huyo hata hapa alilala, kwenye hicho kiti."

Kimotho akageuka akaniangalia kama mtu aliyepata noti kwenye koti la zamani. "Mama Wangeci, weka hiyo ndoo chini."

Sikuelewa kompyuta, lakini nilielewa watu, na video ya nyumbani ni watu tu. Mteja hajali jua linavyozama. Anataka kumwona shangazi yake, na shangazi asiitwe jina la mpishi.

Siku hizi programu moja inafanya kila kitu. Sisi tulikuwa na tano, kila moja ikijua kazi yake tu, kama mafundi wa mjengo: wa mawe hagusi mbao. Majina yake yalikuwa ya Kizungu na sikuweza kuyasoma, kwa hivyo niliyabatiza. Ya kukata picha niliita Kisu. Ya kusafisha sauti niliita Sikio. Ya kutia maua, mioyo na njiwa wanaoruka pembe hadi pembe niliita Bibi Harusi. Ya kuandika majina ya watu niliita Karani. Ya mwisho, iliyochoma yote kwenye CD, niliita Jiko. Kimotho alinicheka wiki nzima. Wiki ya pili nikamsikia akimwambia mteja kwenye simu, "Boss, harusi yako imetoka kwa Kisu, saa hii iko kwa Sikio. Bibi Harusi akimaliza nitakuita."

Ukitaka kujua kwa nini hatukununua programu kubwa inayofanya yote, muulize Bharat. Kompyuta yetu ilikuwa na nguvu za mzee aliyemaliza kupanda ngazi. Ukifungua programu mbili pamoja, inaganda, na panya unamsukuma lakini haendi. Kwa hivyo ilikuwa: fungua Kisu, kata, hifadhi, funga. Fungua Sikio, safisha, hifadhi, funga. Na stima ikipotea kabla hujahifadhi, unakunywa chai na kuanza upya.

Kimotho aliita vipande vyake kwa namba, na kila siku alikuwa anatafuta kumi na saba. Mimi niliviita kwa watu. "Mama Gathoni anacheka." "Mzee Kabiru amelala." "Mzee Kabiru bado amelala." Hata leo ukiniamsha nitakuonyesha kila kimoja kilipo. Iteni vipande vyenu kwa mtu aliye ndani. Namba hazina uso.

Jambo lingine. Ukihamisha filamu kutoka programu moja kwenda nyingine, hakikisha zinakubaliana upana wa picha. Kisu na Bibi Harusi hawakukubaliana. Mara ya kwanza kuwaunganisha, Mama Gathoni alipanda ngazi zote tatu na CD mkononi.

"Mama Wangeci, mimi nilienda hiyo harusi nikiwa mtu mmoja. Mbona hapa niko wawili?"

Kimotho akaingilia. "Mama, unajua kamera huongeza kilo kidogo."

"Imeongeza kilo mpaka kwa mlango? Angalia mlango nyuma yangu. Huo ni wa gereji."

Tangu hapo, kabla ya kumtazama mtu yeyote, nilitafuta kitu cha duara kwenye picha: sufuria, saa ya ukutani, gurudumu la gari. Sufuria ikiwa imekuwa yai, jua na watu wamekuwa mayai. Hiyo haiko kwenye kitabu chochote cha kompyuta, lakini chukueni, ni yenu.

Kulikuwa pia na Bwana Odhiambo wa Karen, mtu mpole sana, aliyepiga birthday ya mtoto wake Tony. Alipotaka kupiga alibonyeza kuzima, na alipotaka kuzima alibonyeza kupiga. Tulipata dakika arobaini za nyasi, viatu, na mbwa mmoja akija karibu na kwenda zake. Keki haikuwepo. Kimotho alitaka kumrudishia kanda. Mimi nikasikiliza sauti, na sauti ilikuwa yote pale: watoto wakiimba, Tony akikataa kuzima mishumaa, nyanya yake akimbembeleza. Tukachukua picha zake za kawaida za albamu, tukazipanga juu ya sauti hiyo, na mbwa tukamwacha kwa sababu alikuja wakati mzuri. Bwana Odhiambo alisema hakujua yeye ni mpiga picha hodari hivyo. Hatukumsahihisha.

Hapo ndipo nilipopaswa kujifunza kwamba sauti ina maisha yake. Sikujifunza. Nilijifunza kwa Wambui.

Kimotho alipata kazi Westlands, kwenye studio yenye zulia. Bharat akaniita ofisini kwake, akaondoa miwani.

"Mama, film moja nitakupa peke yako. Ikienda vizuri, hiyo kiti ya Kimotho ni yako. Ikirudi na malalamiko, mimi naita Hetal, mtoto ya shemeji yangu. Iko na diploma."

"Na mimi?"

"Wewe unarudi kwa chai. Chai yako iko sawa sana."

Niseme ukweli, nilikitaka kile kiti. Kilikuwa kimepasuka upande mmoja na sponji ilitoka, lakini nilikuwa nimekaa kando yake kwenye kreti ya soda kwa miaka mitatu nikisema "huyo ni fulani, yule ni fulani," huku mwingine akibonyeza. Nilitaka kubonyeza mwenyewe.

Filamu yenyewe ilikuwa ruracio ya Wambui, binti wa Bwana Ndirangu wa Kileleshwa. Alikuwa anaolewa na Mureithi, kijana wa Muthangari. Kwa wale ambao hamjaenda ruracio, hiyo ni siku watu wa upande wa mume wanapeleka mahari. Kabla ya mazungumzo kuendelea, wasichana wanafunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anaambiwa achague wake. Akikosea analipa faini ya kondoo dume, na wanawake wanamcheka mpaka wajukuu wake wasikie. Siku hiyo walikuwa saba chini ya leso, na Mureithi alisimama, akatembea, akachagua Wambui mara ya kwanza.

Wanawake wa upande wa Wambui walikasirika. Shangazi yake, dada wa Bwana Ndirangu, anayeitwa Tata Nyakio, alisema hakuna mwanamume mwenye akili hizo. Mtu alimwonyesha. "Tutaona kwa video," akasema. Ikaamuliwa kwamba video itatazamwa na pande zote mbili Jumapili, na ikionekana kulikuwa na ujanja, faini iko palepale.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa nimekata kwa Kisu, nimetoa sauti na kuipeleka kwa Sikio, nimeisafisha siku mbili. Kulikuwa na kelele ya jenereta na wanawake wakiimba karibu na kamera. Nilipunguza hiki, nikainua kile, mpaka ukasikia kijiko kikigonga sahani. Mahali fulani kuna mtu alikohoa mara tatu. Nikafikiri ni vumbi.

Alhamisi, saa tano asubuhi, Wambui akaja mwenyewe, kofia imeshuka hadi machoni.

"Sasa, Mama Wangeci. Ni wewe unatengeneza yetu?"

"Ni mimi. Keti."

Hakuketi. "Umeona mahali Mureithi anachagua? Umeona miguu?"

Nikafungua Kisu, nikamwonyesha. Akanyoosha kidole kwenye kioo. Mureithi anapita mbele ya msichana wa tano, na chini ya leso ya msichana huyo kinatoka kidole gumba cha mguu chenye rangi nyekundu. Kinainuka, kinashuka, kinainuka. Kama kinapunga mkono.

"Hicho ni cha nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaiona rangi hiyo vidoleni mwake.

"Mama, tafadhali. Tata Nyakio ataketi mbele kabisa na miwani mbili. Mureithi akilipa faini saa hii, wataimba hiyo wimbo mpaka siku nitazikwa."

"Mimi nimeambiwa filamu isiwe na malalamiko."

"Hakuna mtu atalalamika juu ya kidole hajaona."

Niliona hilo lina maana. Nikakata. Sekunde nne tu. Nikahifadhi picha, nikaipeleka kwa Bibi Harusi ikaungane na sauti niliyokuwa nimeshaisafisha, nikatia moyo mmoja mkubwa mahali pa mkato ili usionekane. Karani akaandika majina yote bila kosa. Kabla ya Jiko nilitazama mwanzo, nikatazama katikati kidogo, sehemu zote mbili zikiwa kabla ya mkato. Fundi wa stima akawa anafanya yake kwenye nguzo ya nje, taa zikazimika mara mbili, nikasema inatosha. Msifanye hivyo. Tazama kazi yako mpaka mwisho hata kama unaijua. Hasa kama unaijua.

Jumapili alasiri nilipeleka CD mwenyewe, kwa sababu Tata Nyakio alisema anayetengeneza lazima ale. Sebule ilikuwa imejaa. Upande wa Muthangari uliketi kwenye viti vya kukodi, wakiongozwa na Mzee Gachuhi, msemaji wao, mtu wa suti ya kahawia na maneno machache. Tata Nyakio alikuwa mbele. Miwani ilikuwa moja, lakini ilikuwa minene. Wambui aliketi kando yangu, akavuta miguu yake chini ya kochi.

Dakika za kwanza zilienda vizuri. Ukifika mtu, jina linatokea, na anapigiwa makofi. Kisha mstari wa leso. Mureithi anatembea. Anapita wa kwanza, wa pili, anasimama mbele ya wa nne muda mrefu. Moyo mkubwa ukaruka kwenye skrini, ukafunguka, na tazama, amemshika Wambui mkono. Kidole hakipo. Nikaanza kula pilau.

Halafu kwenye spika: kho. Kho, kho.

Kwenye picha hakuna mtu anayekohoa. Kila mtu anacheka.

"Rudisha hapo," Tata Nyakio akasema.

Mureithi ndiye aliyeshika rimoti. Akarudisha kidogo sana.

"Rudisha kama mtu amekula."

Kho. Kho, kho. Nilikuwa nimekisafisha kikohozi hicho kikatoka kama kengele ya shule.

"Hiyo ni ya nani?"

Bwana Ndirangu, baba mwenye nyumba, alikuwa amesimama nyuma ya kochi. Alibana midomo. Macho yakajaa maji, shingo ikavimba, mkono ukaenda kifuani, na mwishowe, kwa kuwa mwili hauna siri, kikamtoka. Kho. Kho, kho.

Tata Nyakio hakugeuka. "Ndirangu. Wewe ni wa upande gani?"

"Ningefanya aje, Nyakio? Kijana alikuwa ameanza kushika leso ya Njambi, yule wa nne. Njambi ako na bwana. Na bwana yake alikuwa hapo karibu na mimi, ameshika bakora."

"Kwa hivyo ukakohoa mtoto wako mwenyewe nje ya nyumba."

"Nilikohoa amani."

Watu wa Muthangari walipiga meza. Tata Nyakio akahukumu papo hapo: kondoo atachinjwa, na atatoka kwa aliyekohoa. Hakuna aliyeuliza habari za miguu. Wambui alinifinya mkono mpaka pete yake ikaniachia alama, na mimi nikafikiri tumepona, kiti ni changu.

Filamu ikaendelea. Sasa fikirini pamoja nami. Picha nimeipunguza sekunde nne. Sauti sikuigusa. Kwa hivyo tangu hapo kila neno lilikuja sekunde nne baada ya mdomo wake. Wanawake walipiga vigelegele, picha ikahamia kwa mchungaji, na mchungaji akafumbua mdomo kuomba na kutoa vigelegele vitano, vyote vizuri. Watoto walicheka kwanza. Kisha ikafika hotuba ya Mzee Gachuhi. Alipofika mwisho wake, pale kwenye neno la uzito, kamera ilikuwa imegeuka kuonyesha mnyama aliyeletwa. Kondoo yule alitafuna mara moja, akatutazama sote, akasema kwa sauti ya Mzee Gachuhi, "Mimi ndimi mkubwa wa boma letu, na nimekuja kwa miguu yangu."

Mama Mureithi aliteleza kutoka kitini akaenda chini kwenye zulia. Tata Nyakio alivua miwani, akaifuta, akavaa, akaivua tena. Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Gachuhi alichukua kofia yake.

"Nimefika umri huu," akasema polepole, "nije nigeuzwe kondoo kwa wakwe." Akanitazama. "Mwenye hiyo duka anaitwa nani?"

Nikamwambia. Majina siwezi kuyaficha, hata yanayoniumiza.

Jumatatu nilipofika, Bharat alikuwa ameshapigiwa simu. Aliketi kwenye kiti cha Kimotho, mikono magotini.

"Mama, kondoo inaongea?"

"Ni sekunde nne," nikasema. "Nilikata picha baada ya kutoa sauti."

"Kwa nini ulikata? Kazi ilikuwa imeisha."

Ningeweza kusema ni kompyuta. Kompyuta ile ingesingiziwa chochote na kila mtu angeamini. Lakini nikachukua kanda ya mwanzo, nikaiweka, nikamwonyesha kidole. Kinainuka, kinashuka, kinainuka.

Bharat alitazama. Akaniambia nirudishe. Akatazama tena, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Sisi siku ya harusi," akasema, "bibi na bwana wanawekewa sahani ya maziwa. Ndani iko pete. Mnatafuta kwa mkono, na mwenye anapata, huyo ndiye mkubwa kwa nyumba. Mke wangu alipata mara tatu. Watu wote walimpigia makofi."

"Ana bahati."

"Bahati gani. Mimi nilipata mara zote tatu. Nikamsukumia kwa mkono."

"Nani anajua?"

"Wewe." Akasimama, akafuta macho. "Mzee anakuja saa kumi. Ataangalia hapa, yote, mpaka mwisho. Akisema neno moja, mimi nampigia Hetal."

Nikaketi. Nikafungua Sikio, nikatafuta sekunde zangu nne, nikazitoa na kikohozi ndani yake. Nikaunganisha, nikatazama mdomo baada ya mdomo. Wakati huu nilitazama mpaka mwisho, mpaka lile giza la baada ya mwisho.

Saa kumi kamili Mzee Gachuhi alipanda ngazi akiwa na ile suti ya kahawia. Nilimpa chai, hakuigusa. Aliketi akatazama saa nzima na nusu bila kuegemea. Mchungaji aliomba kwa sauti ya mchungaji. Kondoo alilia kama kondoo. Ilipofika hotuba yake, Mzee akasogea mbele, akaanza kuisema pamoja na yeye mwenyewe, chinichini, neno kwa neno. Ikaisha. Bharat alikuwa mlangoni na simu mkononi.

"Huyo ni mimi," Mzee akasema. Akaichukua chai yake iliyopoa, akainywa yote. "Lakini ile kikohozi imeenda wapi?"

"Ilikuwa vumbi, Mzee," nikasema.

Akavaa kofia. "Kondoo tulishakula. Wacha ikae hivyo."

Wambui ameniruhusu niwasimulie haya, kwa sababu mtoto wake wa kwanza yuko kidato cha pili na Tata Nyakio siku hizi husahau amekasirika na nani. Mzee alipokwisha shuka, nilimuuliza Bharat habari za Hetal. Alirudisha simu mfukoni, akanisogezea kiti cha Kimotho.

"Hetal iko na diploma," akasema. "Angeturudishia kile kidole."